Ndago Zilizonyauka Kivulini

Majirani wa Mafiga walimcheka Asia Mikidadi, mkunga wa zahanati, kwa kuwa alipanda ndago. Watu wanavunjika migongo kuzing'oa shambani, yeye anazipalilia. Lakini zake zilikuwa na mistari myeupe kandokando ya jani. Shina la kwanza alipewa na sista wa misheni huko juu mlimani. Alizipanda nyuma ya nyumba, chini ya mfenesi, mahali ambapo hata mchicha ulikataa kwa kukosa jua, zikastawi. Kila jioni alizikagua. Chipukizi lililotoka kijani kitupu alilichomoa na mzizi wake, maana ukiliacha linazimeza zenye mistari.

Masika ya mwaka 1983 msako wa wahujumu uchumi uliingia Morogoro. Mgambo walipita nyumba kwa nyumba, na mtu aliyekutwa na katoni ya sabuni asiyoweza kuieleza alichukuliwa. Asia hakuwa na cha kuficha.

Alhamisi moja alirudi kazini alasiri, akaenda bustanini, akasimama. Ndago za katikati zilikuwa zimelala chini. Mvua ilikuwa ikinyesha wiki nzima na jua halifiki pale; zinyauke kwa nini? Aliinama, akashika shina moja, likatoka lote bila kushikilia udongo. Akatia vidole shimoni. Chini vikagusa bati.

Akamfikiria papo hapo shemeji yake Mohamedi, mdogo wa marehemu mumewe, mwenye duka Msamvu. Ndiye mtu pekee aliyekuwa na ufunguo wa mlango wa uani. Alifukua kidogo: debe la mafuta ya kula, jingine kando yake, na mfuko wa nailoni uliojaa miche ya sabuni. Alirudishia udongo mbio mbio, akawa anazisimamisha ndago moja moja.

"Hodi humu."

Ilikuwa sauti ya mzee Benedikto, balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama mtaani. Alikuwa ameshafika upenuni, jembe begani.

"Karibu. Shikamoo, Ndugu Balozi."

"Marahaba, mama. Nimefuata zile ndago ulizoniahidi. Tuna mgeni ofisi ya tawi, tunataka pale mlangoni papendeze." Akashusha jembe. "Nichimbe hizi za katikati, ndizo kubwa."

Asia aliinua mkono kumzuia. "Hizo zinaumwa," alisema. "Chukua za pembeni. Na jembe litakata mizizi, acha nikutolee mwenyewe."

Alipiga magoti mbele ya jembe, akachimbua kwa vidole. Majani yalimkata, hakusikia. Mzee alisimama nyuma yake, na Asia alijua kwamba udongo mbichi ulikuwa unaonekana wazi.

"Zinaumwa nini?"

"Nadhani mchwa."

"Mchwa." Mzee alipokea mashina, akayafunga kwa jani la mgomba. "Basi shughulika nao leo, mama. Kesho mgambo wanaanza mtaa huu, na hawatauliza mchwa ni wa nani."

Akaaga, akaenda zake.

Asia alikwenda Msamvu karibu akikimbia. Duka lilikuwa limefungwa, na muuza kahawa wa jirani akamwambia kwa sauti ya chini kwamba Mohamedi alichukuliwa asubuhi. Akarudi peke yake. Kabla ya magharibi alimwaga mafuta yote kwenye choo cha shimo, yeye ambaye tangu mwaka mpya alikuwa akichemsha mboga kwa maji na chumvi. Sabuni zikafuata, kisha yale madebe, ameyapondaponda. Kila aliyepita barabarani alimfanya asimame na kusikiliza.

Mgambo walikuja kweli. Mmoja alichokoa tuta la ndago kwa ncha ya fimbo, akauliza majani hayo ni dawa ya nini, wakaondoka. Asia alifunga mlango wa uani, akalifukia shimo la fimbo.

Mohamedi aliachiwa baada ya miezi kadhaa, amekonda. Alifika kuulizia mzigo wake.

"Niliumwaga chooni."

"Wote, shemeji?"

"Wote."

Hawakugombana. Lakini Asia alibadilisha kufuli, na miaka yote iliyofuata, akitoka kazini, alipitia kwanza bustanini kabla hajavua viatu, akitazama udongo kuliko majani.