Pete Tatu za Mota ya Lusu

Baba alipofariki, mimi na kaka yangu tulibaki na karakana yake ya kusuka upya nyaya za mota, hapa Tabora mjini. Kuna wateja ambao hadi leo wakinikuta peke yangu, mimi mwanamke, huuliza fundi yuko wapi.

Mama mmoja wa kijiji cha Lusu hakuuliza. Ana mashine ya kuponda mawe kuwa kokoto, na mota yake ilikuwa imegoma, tukamfuata huko huko kijijini.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Inanguruma, inazunguka kivivu, basi. Watu wangu wamekaa tu."

Kaka aliikagua, akabadilisha brashi za kaboni zilizolika, tukawasha. Ikafika kama nusu ya mwendo wake, ikang'ang'ania hapo hapo.

"Tumfungie mota ya kawaida," kaka alisema. "Hii ya pete inasumbua bure."

Nilikataa. Mota ya kawaida ikiwashwa huvuta umeme mwingi kwa mkupuo, na nguvu yake ya kuanzia ni ndogo. Taya za mashine zikiwa zimebana mawe, ingeungua. Hii yenye pete ni ya kazi nzito: kuponda mawe, kuchambua pamba, kunyanyua mizigo kwa winchi. Sehemu yake inayozunguka imesukwa nyaya, na ncha zake zinaishia kwenye pete tatu za shaba kwenye shafti. Brashi hugusa pete hizo na kuupeleka umeme nje, kwenye sanduku la vyuma vya kuupunguza. Mota inaondoka kwa nguvu bila kuvuta umeme kupita kiasi. Ikishika kasi, unaviondoa vyuma hivyo hatua kwa hatua mpaka inakimbia yenyewe.

"Pete moja haipati njia ya umeme," nilimwambia kaka. "Ndiyo maana inaishia nusu."

"Nimepima nyaya zote. Ni nzima."

"Tupime tena."

Alinuna, akaenda kukaa kivulini. Nilizima swichi kuu, nikafunga kufuli, nikalala chali kwenye vumbi la mawe. Nilipima waya mmoja mmoja. Kweli, zote zilikuwa nzima. Jasho lilinichoma macho na nilitamani kuacha, lakini sikuwa tayari kurudi Tabora na jibu la kubahatisha. Nikapima upya, safari hii nikizikunja nyaya kwa vidole. Ule wa brashi ya katikati ulipokunjwa, kipimo kikapotea. Ulikuwa umekatika ndani ya ganda. Nje ulionekana mzima kabisa.

"Kaka, njoo uone."

Alikuja, akaukunja mwenyewe, akacheka. Tulifunga waya mpya pamoja.

Mama mwenyewe ndiye aliyewasha. Mota ilianza taratibu, akavuta mkono wa sanduku hatua ya kwanza, ya pili, ya mwisho. Mlio ukapanda mpaka hatukusikiana tena. Vijana wakaanza kumimina mawe. Mama alinishika mkono na vumbi langu lote, akapiga kelele sikioni mwangu:

"Leo hamwondoki bila kula!"