Mtali Usiolia

Mama alipotutoka alituacha watoto wawili, mimi na dada yangu mkubwa, pamoja na kopo la biskuti lililojaa mapambo yake. Nyumba na shamba la Ntalikwa alikuwa amekwisha kuviamua mwenyewe angali hai. Kopo halikutajwa na mtu. Arobaini ilipopita nikalifungua juu ya meza ya chakula, nikatandika gazeti, nikaanza kuorodhesha. Miaka yangu yote ya utumishi niliitumia masjala, na sijui namna nyingine ya kuomboleza.

Zilikuwamo bangili nane za fedha, mbili zimepasuka. Herini tatu ambazo hazikufanana hata kidogo. Kipini cha pua. Mkufu uliopoteza kifungo. Na mitali miwili ya miguuni, minene, yenye uwazi ndani uliotiwa vijiwe ili ilie mwanamke anapotembea. Mitali hiyo ilikuwa mikongwe kuliko vitu vyote vya nyumba yetu. Bibi yake mama aliivaa alipokuja na msafara kutoka pwani, kwa hiyo naweza kusema bila kutia chumvi kwamba ilifika huku kwetu Unyanyembe kwa miguu. Nikautikisa mmoja, ukalia. Nikautikisa wa pili, kimya. Mbele ya ule wa pili nikaandika: "Mbovu."

Mama alikuwa na wajukuu wa kike saba, wanne wangu na watatu wa dada. Niliona ni aibu mapambo yakae kopo moja yakichakaa huku wasichana saba hawana hata kimoja cha bibi yao. Nikaamua yapelekwe kwa sonara, yayeyushwe, na kila mmoja atengenezewe kidani cha shingoni, vyote sawasawa, asiwepo wa kunung'unika. Wazo lilikuwa jema, na bado nalitetea. Utaratibu ndio ulioniponza.

Dada anakaa Igunga. Ningeweza kumpigia simu. Lakini simu haiachi kumbukumbu, na mimi nimeshuhudia mengi yakikanwa kwa sababu yalisemwa tu. Nikamwandikia barua yenye namba ya kumbukumbu, nikaambatisha orodha, nikahitimisha kwamba asipojibu ndani ya siku kumi na nne itachukuliwa kuwa ameridhia. Ndivyo tulivyofanya ofisini, na kazi zilikwenda. Siku kumi na nne zikapita bila jibu. Siku ya kumi na tano nikabeba kopo hadi kwa sonara wa mtaa wa Mtendeni.

Sonara huyo ni mtu wa makamo, mtoto na mjukuu wa masonara. Chumba chake cha kazi kinafunguka barazani, mvukuto upande mmoja, tupa na koleo zimepangwa ukutani. Akanisalimu kwa adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeleta mapambo ya marehemu mama. Orodha hii hapa."

Orodha hakuitazama. Alifungua kopo, akaugusa kila mtali kwa ncha ya kidole, akauliza, "Warithi mko wangapi?"

"Wawili. Mimi na dada."

"Dada amekuja?"

"Ameridhia. Yuko Igunga."

"Basi aje aridhie hapa. Vya marehemu sivitii motoni mpaka kila mrithi avishike kwa mkono wake na aseme kwa kinywa chake. Babu yangu alifanya hivyo, baba akafanya hivyo."

"Nina barua."

"Barua haina mkono, mzee wangu."

Nakiri kwamba nilipandisha sauti. Nilimweleza mtu yule kwamba nimeshika majalada ya watu wazito kuliko yeye na mimi, na kwamba nchi nzima inaendeshwa kwa barua. Alisikiliza huku akipangusa meza. Mwishowe akasema, "Haya, liache kopo. Mimi moto nawasha Alhamisi." Nikaomba stakabadhi. Akacheka, akaniambia hajawahi kumwandikia mtu karatasi tangu azaliwe. Nikatoka nimekasirika kwa hilo la stakabadhi, lakini kwa lile la moto niliona nimeshinda.

Alhamisi asubuhi nilikuwa nakunywa chai simu ilipoita. Ni dada, na nyuma yake kelele za basi.

"Bwana mkubwa," akasema. Hilo ndilo jina lake la kunisuta. "Nimepata barua yako ya serikali jana."

"Jana? Niliituma..."

"Uliituma kwenye sanduku la posta la shule niliyoacha kufundisha zamani. Mlinzi kaikuta, kaniletea. Eti Kumb. Na.! Mimi niliyekubeba mgongoni nina Kumb. Na.? Namba yangu ya simu huna?"

"Dada, utaratibu..."

"Sikiliza. Niko Nzega, naja. Vyote fanya upendavyo, lakini mtali usiolia usiuguse. Umenielewa? Ule ulioandika mbovu."

Nikamuuliza una nini mtali huo. Basi likapiga honi kwanza.

"Niliuua mimi," akasema. "Nilikuwa na miaka minane. Nilitaka kujua ni nini kinacholia ndani, nikautoboa kwa msumari, vijiwe vikamwagika uani, kuku akavidonoa vyote. Mama aliniona. Hakunipiga wala hakumwambia baba. Aliuziba tundu kwa nta, akauvaa. Watu wakimuuliza, anasema umezeeka. Maisha yake yote alitembea mguu mmoja unalia, mwingine umenyamaza, kwa ajili yangu. Alikuwa akinipita jikoni ananitazama tu, halafu anacheka. Mdogo wangu, sina kitu kingine cha mama ambacho ni changu peke yangu. Sina."

Simu ikakatika. Nikatazama saa: moto ulikuwa umekwisha kuwashwa. Nikampigia sonara, simu yake imezimwa. Nikapanda bajaji ya kwanza iliyopita, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikamhimiza dereva avunje sheria. Hakuvunja. Alisimama kila penye kivuko cha waenda kwa miguu kana kwamba mimi ndiye niliyemwandikia kanuni.

Njiani nilijaribu kutunga maneno ya kumwambia dada. Nimeandika maelfu ya barua za kujulisha watu kwamba ombi lao halikufanikiwa, kwamba jalada lao halionekani, kwamba wasubiri. Hakuna hata moja niliyoweza kuiazima. Neno "mbovu" lilikuwa la mkono wangu. Nilikuwa nimeutikisa mguu wa mama, nikasikia kimya, na sikuuliza.

Nilipofika barazani, mvukuto ulikuwa unafanya kazi. Ndani ya kikombe kidogo cha udongo, katikati ya makaa, fedha ilikuwa imekwisha kuwa maji, inang'aa na kutetemeka. Nikajishikiza mlangoni.

"Mtali," nikasema. "Ule usiolia. Umekwisha?"

Sonara hakuinua macho. Fedha ikiwa maji haiachwi. Aliimimina kwenye kalibu, akaweka koleo chini, ndipo akanitazama.

"Hizi ni bangili za mama mmoja wa Ipuli, mzee. Kaja mwenyewe na binti zake, wote wamezishika. Kopo lako lile pale."

Lilikuwa juu ya rafu, limefungwa kwa kitambaa kilekile nilichokuja nacho, na fundo langu mwenyewe. Orodha ilikuwa ndani, haijakunjuliwa.

"Ulisema unawasha moto Alhamisi!"

"Nawasha kila Alhamisi. Lakini nilikwambia kwanza aje dada. Ulinisikia, mzee, au uliandika tu?"

Nikakaa kwenye kigoda chake. Siku nyingine neno kama hilo ningelijibu. Siku hiyo nilicheka mpaka nikatoa leso, na sonara, kwa adabu zake, akajifanya anatafuta tupa.

Dada alifika mchana, kanga begani, vumbi la Nzega usoni. Sonara akamwamkia, akamwekea kopo mapajani. Dada akashika kimoja kimoja. Bangili, "nimeridhia." Herini, "nimeridhia. Hizi hata mama hakuzipenda." Mkufu, kipini, "nimeridhia." Kwa mtali unaolia akakawia, akautikisa karibu na sikio.

"Huu nao nimeridhia. Umelia vya kutosha miguuni kwa wazee, sasa ukawalilie watoto." Kisha akauchukua ule wa pili, akautia mkobani. "Huu hapana."

Ikafika zamu yangu. Nilidhani mimi nimesamehewa, kwa kuwa ndiye niliyevileta. Sonara akatikisa kichwa. Basi nikashika kila kitu, nikasema kila mara, kama mwanafunzi, na dada akinitazama kwa raha isiyofichika.

Sonara akaukata mtali, akamimina vijiwe vyake katika kisahani: tisa, vidogo kama punje za mtama. Wasichana ni saba. Akashauri kila kidani kiwe na uwazi mdogo na kijiwe kimoja ndani, ili kilie kidogo tu, kiasi cha mvaaji kusikia. Akauliza kama vile viwili vilivyobaki avitie kwenye mtali ule mwingine upate sauti yake.

Dada akafikiri. "Hapana, mwanangu. Uache ulivyo." Kijiwe kimoja akakifunga kwenye pindo la kanga, cha pili akakiweka kiganjani mwangu.

Jioni, kituo cha mabasi, nikampa orodha na kalamu. Nilikuwa nimefuta "mbovu" kwa mstari mmoja ulionyooka, kama inavyopasa, nikaandika juu yake: "Haulii. Sababu inafahamika. Umekabidhiwa kwa mwenyewe." Akasoma, akatia saini kwa madaha makubwa. Kisha akapanda ngazi ya basi, na kabla ya kuingia akainua kidogo pindo la gauni. Mtali ulikuwa mguuni mwake.

"Na hili liandike," akasema.

Nimeliandika.