VIP ya shemeji imegomea Kasokola

Nyie, leo shemeji yangu kafungiwa nje na mtandao anaouuza mwenyewe!

Wiki nzima anatuimbia laini yake ya VIP, ya intaneti isiyokwama kwenye msongamano: "Shem, ukiwa nayo unapita njia yako peke yako."
Ya peke yako, halafu kauzia msafara mzima wa harusi ya mdogo wangu!

Kutoka Mpanda mjini alirusha laivu safi, yuko gari la mwisho, Mama anatazama kutoka Kahama, mgonjwa.

Kufika Kasokola, simu zikahamia mnara mwingine. Laivu ikakata, simu ikamwandikia: "Nafasi za VIP hapa zimejaa."
Zimejazwa na wateja wake waliotangulia. 😂
Mliokuwepo, jisemeni!

Bi harusi anashuka. Nikampigia Mama video kwa bando langu la kawaida.

"Mbona mkwe kanyoosha mkono juu, anaapishwa?"
"Hapana Mama, anatafuta njia yake peke yake."