Mama Stesheni na Wapangaji wa Vyumba vya Nyuma

Kila jambo alilisema mara mbili. "Chai imeiva. Narudia, chai imeiva." Awe sokoni anachagua vitunguu, awe kwenye foleni ya hospitali, awe msibani ambako watu wananong'ona, kwake ilikuwa hivyohivyo: "Kiti hiki kina mtu. Narudia, kiti hiki kina mtu." Wasiomjua walidhani anawafanya viziwi. Waliomjua walisubiri tu marudio yapite, kama unavyomsubiri mwenzako amalize kupiga chafya.

Maisha yake yote ya kazi aliyamaliza ndani ya kibanda cha kioo juu ya jukwaa la stesheni, akiwatangazia abiria treni ipi inaingia, ipi imechelewa, na mama gani amepotelewa na mtoto. Humo ndani sheria ilikuwa moja: tangazo lisiporudiwa ni kama halikutolewa. Mtaani wakamwita Mama Stesheni, jina la kuzaliwa likabaki kwenye kitambulisho. Halafu wakubwa wakaleta mashine yenye sauti ya mwanamke mwingine, sauti isiyopata mafua wala kuomba likizo. Yeye akapewa keki, saa ya ukutani na mkono wa kwaheri. Tangu hapo hakukanyaga tena stesheni. Akitaka kumtembelea dada yake alipanda basi, na basi lilimtapisha.

Marehemu mumewe alimwachia nyumba. Vyumba viwili vya mbele alikaa mwenyewe. Vitatu vya nyuma, pamoja na jiko, sebule ndefu na ua wa saruji, alipangisha.

Huko nyuma ndiko alikohamia Besi, msichana aliyekuwa ametoka chuoni juzijuzi na kupata kazi ya kukata vioo kwenye duka la miwani. Alifika na godoro, sufuria isiyo na mfuniko, na gitaa la besi alilolifunga ndani ya blanketi kama mtoto mchanga. Jina alipewa jioni ileile na wenyeji wawili aliowakuta. Mmoja alikuwa Fundi Geti, mchomeleaji wa mageti, mwenye mikono ya kubebea chuma, naye ndiye mpiga dramu. Mwingine alikuwa Mwalimu, wa shule ya msingi, mtu mwembamba ambaye hata kuku aliwaomba radhi akiwapita, lakini akishika gitaa lake la umeme utadhani anamtukana mtu. Walipiga roki. Waliipiga kwa nguvu, na hawakuwa na mwimbaji, kwa sababu kila mwimbaji aliyekuja aliondoka na kijiko chao.

Jiko lilikuwa moja, choo kimoja, kikaango kizima kimoja. Watu watatu na kikaango kimoja ni vita. Ndipo Mwalimu akatunga sheria ya nyumba: lalamiko lisilopitia kwenye maiki si lalamiko, ni umbea. Ukiwa na kinyongo ulisubiri wakati wa mazoezi, ukasimama sebuleni, ukakiimba. Besi aliimba kuhusu sabuni yake iliyoyeyuka kwenye maji ya mtu. Fundi Geti aliimba kuhusu nywele kwenye tundu la maji, huku akijipigia dramu mwenyewe. Ubeti wa pili ukifika, hasira imekwisha. Ni kazi ngumu kumnunia mtu anayekupigia muziki wa kumsema yeye mwenyewe.

Jumamosi mchana ua ulijaa. Kila mgeni alikuja na kiti chake. Alikuwepo mshona nguo wa nyumba ya jirani, alikuwepo makanika na vidole vyake vyeusi, walikuwepo wauguzi waliotoka zamu, na ndoo ya soda zinazoelea kwenye barafu. Wakacheza mpaka saruji ikapata joto.

Besi alikuwa amelelewa na shangazi, katika nyumba ambayo mtoto hakupandisha sauti na mlango ulifungwa kwa vidole viwili. Kule swali la kwanza lilikuwa "Umetoka wapi?" Huku nyuma swali la kwanza lilikuwa "Umekula?" Hakulizungumza hilo na mtu, lakini alijua kwamba wenzake wakitolewa hapa watapata vyumba kwingine, na yeye atapata chumba tu, si nyumbani.

Tatizo lilikuwa mbele. Mama Stesheni alikuja mpaka mlango wa jiko, akanyoosha shingo. "Wapangaji, punguzeni. Narudia, punguzeni." Gitaa likammeza. Akafunga dirisha, na siku ya pili akapita uani bila kuitikia salamu.

Kisha, katikati ya wiki moja, Besi akiwa anasuuza vyombo, alimsikia upande wa pili wa ukuta akiongea na mwanawe wa pekee, mtu wa tai na viatu vinavyong'aa.

"Mama, watu wa bima wanataka nyumba nzima wafanye ofisi. Watu wa mafaili hao. Hutasikia hata kikohozi."

"Na mimi?"

"Unahamia kwangu. Chumba kipo."

"Kile mnachoanikia nguo?"

"Mama, tutakipanga."

Maji ya bomba yakamjaa Besi kwenye mikono ya nguo.

"Kelele zimenichosha," Mama Stesheni akasema. "Jumamosi nitawaambia mwenyewe. Narudia, mwenyewe. Wewe usifungue mdomo."

Jioni ile walikaa watatu wakizunguka kikaango bila kula.

"Tukamwangukie," alisema Mwalimu.

"Nimeshamwangukia," alisema Fundi Geti. "Nimemkuta hapo nje. Kaniambia Jumamosi. Karudia, Jumamosi."

"Basi sherehe tusifanye."

"Tufanye," alisema Besi, na sauti yake mwenyewe ikamshangaza. "Kama tunazikwa, tuzikwe na muziki wetu."

Jumamosi jua lilikuwa kali na watu walikuwa wengi kuliko kawaida, maana habari mbaya ina miguu. Getini alisimama yule mwana wa tai, na pembeni yake mtu wa bima, ambaye miwani yake ilimteleza puani kila alipoinamisha kichwa. Besi aliona kwamba imekatwa kwa pua ya mtu mwingine. Hata siku ya kufukuzwa, macho yake yalikuwa kazini.

Mama Stesheni akatoka. Alivaa koti lake la kazi la buluu, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Fundi Geti akanyamazisha dramu kwa viganja.

"Nina neno," alisema.

"Mama, hapa neno ni kwa maiki," makanika akadakia toka nyuma. "Sheria ya nyumba."

Watu wakacheka kidogo, wakaona aibu.

"Sheria ya nyumba yangu kaitunga nani?"

"Mwalimu."

Mwalimu akatazama kamba za viatu vyake. Besi ndiye aliyekuwa karibu. Akaichomoa maiki kwenye mguu wake wa chuma, akamnyooshea.

Mama Stesheni akaipokea. Hakuigandamiza mdomoni kama wanavyofanya wageni wa chombo. Aliiweka mbali kidogo na mdomo, upande, kidevu juu, akavuta pumzi.

"Wapangaji wa vyumba vya nyuma. Wapangaji wa vyumba vya nyuma."

Hakuna aliyetegemea sauti ile. Ilikuwa pana, tulivu, haina haraka hata chembe, nayo ilifika mpaka nje barabarani bila kupandishwa. Watu wakakaa wima. Mshona nguo akajikuta ameshika mkoba wake kama mtu ambaye treni yake inaingia.

"Sufuria ya mikono miwili iliyoondoka jikoni Jumatatu haijafika. Narudia, haijafika."

Mguu wa Fundi Geti haukuwahi kufunzwa adabu. Ukakanyaga dramu kubwa: du. Mama Stesheni akageuka akamtazama, na Fundi akajua amekwisha. Lakini mama alipoendelea, aliendelea juu ya mdundo uleule.

"Maji ya kuoga yanakwisha kabla sijaamka. Narudia..."

"Kabla hajaamka," ua mzima ukaitikia.

Besi akaingia na noti moja ya chini, akaishikilia. Mwalimu akaja mwisho, taratibu, gitaa likinguruma nyuma ya sauti kama behewa la mizigo. Mama Stesheni akasema juu ya taa ya chooni isiyozimwa. Akasema juu ya soksi za Fundi kwenye kamba yake ya nguo, ambazo alizitaja kama mizigo isiyo na mwenyewe, na wauguzi wakashikana mabega kwa kucheka. Kidevu chake kilizidi kupanda. Mkono uliokuwa mtupu ukaanza kuhesabu mdundo kwenye mshono wa koti.

"Jioni mnacheka," alisema. "Mimi niko upande wa pili wa ukuta, sijui mnacheka nini. Narudia, sijui mnacheka nini."

Hapo Fundi Geti alishusha mdundo mpaka ukawa kama moyo wa mtu. Besi alimtazama mwanamke yule ndani ya koti lake, na kwa mara ya kwanza akafikiria ukuta ule unavyoonekana ukiwa upande wa mbele: saa ya ukutani, kiti kimoja, na vicheko vya watu wengine.

Mama Stesheni akaona geti. Akamwona mwanawe, akamwona mtu wa bima akisukuma miwani. Akajinyoosha.

"Wapangaji wa vyumba vya nyuma mnatangaziwa kufunga virago. Nyumba inachukuliwa na watu wa bima. Mwisho wa mwezi muwe mmeondoka."

Vidole vya Besi viligoma kutoka kwenye uzi. Alirudia noti ileile kwa kuwa hakujua nyingine. Ua wote ulimtazama mama, na mama alitazama mbele, mahali ambapo pangekuwa na reli. Tangazo lilikuwa limesemwa mara moja.

"Rudia, mama," makanika akasema polepole.

"Rudia," mshona nguo akasema.

Akafungua mdomo. Mdundo mmoja ukapita, na wa pili ukapita. Mwanawe akapiga hatua ndani ya geti, na mama akainua kiganja kumzuia, bila kumtazama.

"Tunawaomba radhi wasafiri," alisema. "Kuna mabadiliko. Safari ya mwisho wa mwezi imefutwa. Narudia, imefutwa."

Kilichofuata hakikuwa kelele, kilikuwa mafuriko. Fundi Geti alivunja fimbo moja ya dramu na akaendelea na kijiko. Mwalimu alipanda juu ya kreti la soda. Besi alikuwa analia na kupiga, kupiga na kulia, na hakukosea hata noti moja. Juu ya yote hayo ile sauti ikapita kwa utulivu wake, kama mwenye njia:

"Mgeni wa bima aliyesimama getini anaombwa kurudi kwa njia aliyojia. Mwanangu, msindikize, kisha urudi ule."

Mwana alirudi. Alikula, akalegeza tai, na jua lilipozama alikuwa akijifunza kwa makanika namna ya kucheza bila kuangalia miguu.

Walipokuwa wanaosha vyombo, Mama Stesheni aliingia jikoni na kiti chake, kile kimoja, akakiweka kati ya mlango na meza. "Haya," alisema. "Jumanne mlikuwa mnacheka nini?" Wakamweleza. Ilikuwa habari ya mwanafunzi mmoja wa Mwalimu aliyeandika kwamba baba yake hufanya kazi ya kulala. Mama alicheka mpaka akakaa vibaya. Kiti hakikurudi mbele tena.

Bendi ikapata mwimbaji, mwimbaji ambaye hakuiba kijiko na ambaye, ukweli ni kwamba, hakuimba hata siku moja. Alitangaza. Wao walipiga kwa nguvu zote, naye akapita juu yao na koti lake la buluu, akitangaza sufuria zilizopotea, mabomba yaliyokauka, wakwe wanaochelewa kuondoka. Walipiga kwenye kumbi za harusi, kwenye uwanja wa maonyesho, nyuma ya maduka. Vijana walivaa makoti ya buluu ili wafanane naye.

Na stesheni ilipopanuliwa, wakaitwa kupiga siku ya kufungua jukwaa jipya. Alikataa kwa wiki nzima. Besi ndiye aliyemfunga vifungo, na ndiye aliyemshika mkono wakipanda ngazi. Aliposema maneno mawili ya kwanza, mchukuzi mmoja mwenye mvi alitua mzigo wake chini katikati ya umati. "Ndiye huyo," alisema. "Huyo ndiye aliyeniita siku mke wangu anakuja." Akavua kofia. Wengine nao wakaanza kumtambua, mmoja baada ya mwingine, watu waliomsikia nusu ya umri wao bila kumwona sura. Mashine ya stesheni ilijaribu kutangaza treni ya jioni. Hakuna aliyeisikia, na abiria kadhaa waliachwa, na hawakulalamika.

Safari ya kurudi nyumbani aliketi dirishani kwenye treni, amenyooka kama bibi harusi, na hakutapika.

Miaka ilikwenda. Fundi Geti alifungua karakana yenye vijana wake. Mwalimu akawa mkuu wa shule na bado anawaomba kuku radhi. Besi aliolewa, akafungua duka lake la miwani mitaa miwili kutoka pale, na kila asubuhi kabla ya kufungua alipitia nyumbani kwa mama. Vyumba vya nyuma vilikaa watu wapya, wakaondoka, wakaja wengine, na muziki wao Besi mwenyewe hakuuelewa. Jumamosi ua ulijaa vilevile. Mama Stesheni, macho yakiwa yamepunguza nuru, alikaa kwenye kiti chake cha jikoni akiwasahihishia mdundo.

Asubuhi ya mwisho alikuwa kitandani, mto wa pili mgongoni, uji umemshinda. Besi alimfuta mdomo, akamwekea miwani mahali ambapo mkono wake ungeifikia, akamwambia atarudi mchana. Alikuwa ameshafika mlangoni aliposikia anaitwa.

"Chumba cha kona kiko wazi tangu mwezi uliopita," Mama Stesheni alisema. "Tafuta mpangaji, mwanangu. Na tafadhali usiniletee mtu mtulivu."