Supu ya Vijiti

Simu ilipoita kutoka Bugarama, Asteria alikuwa ameinamia ndoo ya baba yake mdogo. "Dada, Baba Mdogo ametutoka," alisema kaka yake. Asteria akapiga ishara ya msalaba. Ndani ya ndoo pampu iliendelea kunguruma, na vijiti vya mlimao vilikuwa bado havijatoa mizizi.

Kazi ya Baba Mdogo ilikuwa kutengeneza pampu za kukausha mashimo ya wachimbaji, lakini nyumbani Kagongwa aliunda mashine hii ya kuotesha vijiti kwa vitu vilivyotupwa: ndoo ya rangi, pampu ndogo chakavu, bomba alilolitoboa kwa msumari wa moto ili lirushe maji kama ukungu, na vipande vya godoro vya kushikia vijiti kwenye kifuniko. Majirani walimtania, "Shemeji, supu ya vijiti imeiva?" Naye alijibu kwa sauti yake ya chini, "Bado chumvi tu." Vya kwanza vilioza vyote, akasafisha ndoo, akaanza upya. Kila mara alilowesha mikono kabla ya kugusa kijiti. "Mkono mkavu unaviumiza," alisema, na vidole vile vya spana, vyenye grisi isiyotoka, vilikishika kama kifaranga. Safari hii, akienda kazini Bugarama, aliaga hivi: "Nisubirini, mizizi tuione pamoja."

Mizizi ilitoka asubuhi ya mazishi, myeupe, laini. Makaburini watu walitupa udongo mkavu. Zamu yake ilipofika, Asteria alijimiminia maji ya chupa viganjani, akachota udongo, akauachia taratibu.