Nyumba ya Mama Mkwe, Bigwa

Mke wangu aliniomba miaka mingi tumtengenezee mama yake nyumba, nami nikijibu, "Mwakani." Mwakani yangu haikuisha. Mama mkwe akafa, kisha mke wangu naye akafa, nyumba ya Bigwa ikabaki imefungwa kufuli na mchwa ndani. Mwaka uliofuata kiwanda chetu kikapata mwenyewe mpya, wakatupunguza, na pamoja na kazi nikarudisha funguo za nyumba ya kiwanda. Nikabeba godoro, redio na jiko, nikahamia Bigwa. Ndiyo mwakani yenyewe hiyo, imefika nikiwa peke yangu.

Zamani tulipokwenda kumsalimia mama yake, mke wangu alikuwa akinishika mkono mlangoni. "Piga hodi, bwana wee. Hapa si kwenu." Alinitania hivyo kila mara, mimi mtu wa Singida, nami nilipiga hodi kwa sauti ya kumkera, na mama mkwe akaitikia "Karibu!" kutoka jikoni. Siku niliyohamia niliingia bila hodi. Ningempigia nani?

Nyumba ilikuwa ya nguzo na fito, imekandikwa udongo. Ukuta wa upande wa mlimani ulikuwa umeloa na kufura. Mvua ya Uluguru haina aibu, inapiga ukuta huo huo kila masika. Miezi ya kwanza nilikandika. Shemeji yangu, kaka wa marehemu, anakaa chini kidogo ya njia. Alikuwa akipita na jembe begani, anasimama, ananiambia, "Udongo wako una mchanga mwingi, shemeji," kisha anaendelea na safari yake. Siku nyingine hayo ndiyo maneno pekee niliyosikia tangu asubuhi. Nikaanza kukandika saa zile anazopita.

Masika ikaja, ukuta ukalala chini wote. Nikasema, loo, mimi fundi mitambo miaka ishirini, nishindwe na matope? Siku hizo saruji ilikuwa imerudi madukani, haitaki kibali wala kujuana na mtu. Nikanunua, nikaleta na tofali za kuchoma, nikaegemeza paa kwa magogo na kuanza kujenga. Ukuta wa kwanza ulikwenda upogo, nikaubomoa mwenyewe huku nikijitukana. Wa pili ulisimama. Nilipoweka timazi ukakubali, nilicheka kwa sauti, nikageuka nimwonyeshe mtu. Nyuma yangu kulikuwa na ndoo.

Jioni shemeji akapita, akaugusa ukuta, akaendelea na safari yake. Kesho yake alikuja na wazee wanne wa ukoo wao. Niliwapa shikamoo zao, nikawatandikia mkeka.

"Shemeji," akaanza yeye, "udongo hatukukukataza. Tofali umemuuliza nani?"

Kosa ni langu. Miaka yote niliyokaa Morogoro, nimeoa Mluguru, nilisikia kwamba ardhi huku inafuata upande wa mama, nikaitikia tu kama mtu anayesikiliza habari za majirani. Mume anakaa kwa mkewe. Atakandika, atalima mahindi, lakini kitu cha kudumu, mti wa matunda au tofali, hakiweki mpaka ukoo uridhie, maana kesho ndugu wa mume watakuja kudai ardhi. Kwetu mwanamume akijenga, hapo ndipo kwake. Mimi nilijenga kama niko kwetu.

Lakini hasira zilinipanda hata hivyo. "Dada yenu nimeishi naye miaka ishirini na miwili! Nimemzika kwa mikono hii! Mnataka niende wapi?" Sikuwa na pa kwenda. Singida wazazi walishakufa, na ndugu waliobaki wasingenitambua njiani.

Shemeji akajibu, "Hakuna anayekufukuza. Ila nyumba ina mwenyewe. Mlete."

Mwenyewe ni binti yangu, mtoto wetu wa pekee, ameolewa Dar na anauza mitumba. Nilimwandikia barua, akaja. Aliketi mkekani na watu wa mama yake, mimi kwenye kigoda pembeni. Jamani, mtoto niliyemfundisha kutembea, siku hiyo yeye ndiye mwenyeji. Wakamwambia nyumba ni yake, na tofali zake zote. Wakamuuliza anamweka nani ndani.

"Mgeni wangu ni baba," akasema. "Akae mpaka achoke."

Wazee wakaridhika, wakanywa chai. Nilishukuru, kweli kabisa nilishukuru. Na iliniuma hadi chai yangu ikapoa mkononi.

Asubuhi nilimsindikiza barabarani. Nikamwomba abaki japo wiki moja, aone ninavyomaliza.

"Biashara, baba. Mwakani nitakuja nikae."

Nikamwambia sawa, nikampandishia begi lake.

Nilimaliza kabla ya vuli. Nimepiga plasta, nimepaka chokaa, jikoni nimeweka dirisha linalotazama mlima. Mvua sasa inapiga ukuta na kurudi ilikotoka. Hata shemeji amekiri kwamba nyumba imependeza, na huwa anasimama muda mrefu kidogo kuliko zamani. Akishapita, naosha miguu, nasimama mlangoni napiga hodi. Nangoja kidogo, kisha naingia.