Mkuyu Juu ya Dari

Nyumba njema si mlango, husema watu, na mlango wa nyumba ya Abdulkarimu, tajiri wa boriti, uliwadanganya wengi. Ulichongwa maua na minyororo, ukasimamishwa peke yake kiwanjani, kando ya mto, kabla ya jiwe la kwanza, kama ilivyokuwa desturi, hata wapita njia wa kwenda Mohoro wakauliza kama mwenyewe anajenga nyumba au anajenga mlango. Lakini Mashavu, mtunzaji wa jumba lile, mlango haukumshughulisha. Fahari yake ilikuwa juu, darini, kwenye paa bapa la chokaa.

Mawe ya matumbawe yaliletwa kwa mashua kutoka visiwani, chokaa ikachomwa pale pale, boriti zikakatwa mikokoni. Vyumba vikawa virefu na vyembamba, maana boriti ya mkoko ina urefu wake na haimsikilizi tajiri. Juu ya boriti zikapangwa kokoto, ikamwagwa chokaa, kisha wakaitwa wanawake waipigilie kwa vijiti mpaka ishikane. Mashavu alikuwamo, bado msichana, pamoja na shoga yake Biasha. Walipiga na kuimba kutwa, siku nenda siku rudi, chokaa ikawachuna viganja. Biasha alikuwa na mimba, na ndiye aliyeongoza nyimbo. Katika maisha yake yote Mashavu hakupata kuipenda kazi kama ile.

Biasha alifariki mwanawe Nassibu akiwa bado mdogo. Mashavu akamlea mpaka wajomba walipomchukua kwenda kwao Nyamwage. Yeye akabaki kufagia jumba, na kila masika yakiisha alipanda darini kung'oa miche ya mikuyu iliyoota kutokana na mbegu za ndege. Mkuyu ukishika mizizi kwenye chokaa, ukuta hauna maisha. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," aliwaambia watu, hata wasiomwuliza.

Ukaja mwaka wa vita. Serikali ya Wajerumani ilikuwa imewalazimisha watu kulima pamoja mashamba ya pamba huku mpunga wao ukiliwa na nguruwe, na pamba yote ya pande zile ilirundikwa katika vyumba vya chini vya Abdulkarimu. Habari za maji ya dawa ya mganga wa Ngarambe, yanayogeuza risasi kuwa maji, zilipofika mtoni, tajiri alimwachia Mashavu ufunguo, akapanda mashua kwenda zake visiwani. Ushujaa wake wote ulikuwa mlangoni.

Asubuhi moja wakaja wanaume wamejifunga mabua ya mtama vichwani, mienge mikononi. Aliyetangulia alikuwa Nassibu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda. Mmekuja kuchoma?"

"Tumekuja kuchoma. Nipe ufunguo, ukae mbali."

Mashavu aliogopa, lakini hakuogopa kufa. Aliogopa kuliona lile dari likianguka.

"Ufunguo nitakupa," akasema. "Panda na mimi kwanza."

Walipofika juu alipiga magoti, akaipapasa chokaa. "Hapa ndipo alipokaa mama yako, na wewe tumboni. Alipochoka kuimba ulimpiga teke, akacheka, akaendelea. Kaburi lake limeliwa na mto, Nassibu. Huna pengine pa kumwona ila hapa."

Nassibu akaweka kiganja chake pale pale. Aliposhuka aliwaambia wenzake watoe pamba nje. Mzee mmoja miongoni mwao, aliyeitwa Zaidi, akanung'unika, "Nyoka humwachi akiwa shimoni." Lakini pamba ikateketea uwanjani, na nyumba ikasalia. Usiku ule Mashavu alilala kwa furaha.

Wiki chache baadaye wakaja askari wa serikali. Nyumba za makuti walizitia moto zote; ile ya mawe waliipenda. Kuta nene, dari bapa, ukingo unaomfika mtu kifuani. Wakapanda na bunduki zao, na Mashavu wakamweka chini awatwangie mpunga. Alikuwa akitwanga wakati Nassibu na wenzake walipokuja mbio kwa njia ya mashambani, wakipaza sauti, "Maji! Maji!" Bunduki zikalia juu ya kichwa chake. Dari halikudondosha hata vumbi.

Walimzika Nassibu ukingoni mwa shamba. Mashavu alilia mpaka sauti ikamkauka. Alijua kwamba kama angempa ufunguo siku ile bila kumpandisha darini, askari wasingepata pa kusimama.

Vita vikaisha, njaa ikapita, Abdulkarimu akarudi. Alipoikuta nyumba yake nzima alimsifu Mashavu mbele ya majirani waliokuwa wakilala vibandani, akampa doti ya kanga. "Umeniokolea nyumba," akasema. Mashavu aliipokea kanga kwa mikono miwili.

Masika yalipokwisha alipanda darini kama kawaida. Penye ufa, karibu na pale alipokaa Biasha, palikuwa na mche wa mkuyu, majani mawili tu. Vidole vyake vikaushika kwa mazoea. Akauachia. Alikaa kando yake kitambo, kisha akakwangua udongo uliojikusanya pembeni, akaurundika shinani mwake na kuushindilia kwa kiganja.

"Darini kwema?" Abdulkarimu akamwuliza aliposhuka.

"Kwema, bwana," akasema, akaenda kufagia uwanja.